Mgeni Niliyempeleka kwa Mjumbe

Jumapili, mwezi wa tano, jioni

Bakari mdogo wangu,

Mvua imekatika tangu asubuhi lakini uwanja bado ni tope, na nguo nilizofua juzi hazijakauka. Nimekaa jikoni kwa sababu ndiko kwenye soketi inayofanya kazi. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Wanaosoma ukurasa huu hawakujui. Wamezoea nikiandika habari za bei ya mchicha na vituko vya watoto wa darasa la pili. Itabidi nikusimulie habari zako mwenyewe. Univumilie.

Ulikuja kutoka Masasi msimu wa korosho ulipoisha, ukiwa na begi la nguo na mfuko wa turubai uliojaa spana. Ulikuwa fundi baiskeli. Kule nyumbani watu walishahamia kwenye pikipiki, ukasema Dar ni kubwa, baiskeli haziwezi kukosekana. Hukuwa mtu wa maneno mengi. Ukifanya kazi ulibana nati midomoni zisipotee mchangani, na mtu akikusalimia ulimwitikia kwa nyusi. Ukoko wa ugali ulikuwa wako tangu tukiwa wadogo. Mpaka leo nikipakua naubandua, nauweka pembeni, halafu nakumbuka.

Siku ya pili tu ya kufika kwako nilikupeleka kwa mjumbe.

Niwaeleze wasiokaa huku Mbagala ndani. Mtaa wetu uliingiliwa na wizi wa mchana. Watu wakiwa kazini milango inavunjwa, inabebwa mitungi ya gesi, televisheni, hata masufuria yenye mboga. Tukaunda ulinzi shirikishi. Walinzi wanavaa vizibao vya njano, wanashika fimbo, wanazunguka tangu asubuhi. Wakimkuta mtu wasiyemjua wanamuuliza swali moja: mjumbe wako nani? Ukimtaja, wanampigia simu. Mjumbe akisema anakujua, unaachiwa uende zako. Ndiyo maana mgeni akishuka na mizigo, kabla hajazoea hata njia ya dukani, anapelekwa kwa mjumbe akaonekane. Kila mtu hapa anajua hivyo. Na mie nilijua.

Tulikwenda na korosho kwenye kifuko. Mzee Kilindo, mjumbe wa nyumba zetu kumi, alikuwa mazishini Kigamboni. Tukapokelewa na mkewe, Mama Asha. Mjukuu wake alikuwa na kibaiskeli ambacho mnyororo ulikuwa unachomoka kila mara, na wewe, bila kuombwa, ukachuchumaa ukauweka sawa. Mama Asha alicheka, akasema mgeni wa namna hii aje kila wiki. Tulisubiri mpaka jua likaanza kushuka. Mzee hakutokea. Tulipoaga Mama Asha akasema, "Nendeni tu wanangu, akirudi nitamwambia. Hapa mmeshafika."

Niliamini tumefika.

Mwezi haukuisha. Mama mmoja wa upande wa pili wa barabara alikuomba uende kwake ukatengeneze baiskeli ya mwanawe. Ulikwenda mchana, ukapiga hodi, hakukuwa na mtu. Kule kwetu mwenyeji asipokuwepo unakaa barazani pake unamsubiri, na jirani akikuona anakuletea maji ya kunywa. Ukakaa barazani. Huku mtu anayekaa kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa, na mfuko wa vyuma miguuni, haletewi maji.

Walinzi walikuja. Wakakuuliza mjumbe wako nani. Ukamtaja sawasawa, jina lake na la baba yake, ukasema umetoka Masasi na umefikia kwangu. Wakampigia wakamweleza hayo, wakaweka spika ili wote wasikie.

Mzee Kilindo akasema, "Simjui huyo."

Yaliyofuata siyaandiki.

Yule mama alirudi na kapu lake la sokoni akakukuta chini. Alilia akisema huyu ni fundi wangu, nimemwita mwenyewe. Wakamsikiliza, safari hii kwa makini kabisa.

Jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu ni hili. Msibani kwako walinzi walikuwa wa kwanza kufika. Walifunga turubai, walichimba kaburi, walibeba jeneza. Mama zao walikaa uani kwangu wakachambua mchele, wakapika, wakaosha masufuria mpaka yakang'aa kuliko ninavyoyaosha mimi. Nilikula ule wali, Bakari. Nilikuwa na njaa nikaula. Na kamanda wao, Hashimu, ambaye ndiye aliyeishika simu siku ile, alikuja kwenye mkeka wangu akainama, akasema kwa upole, "Dada, sie tulifuata utaratibu. Tulimpigia mjumbe."

Ni yeye aliyenisimulia yote ya siku ile niliyoyaandika hapo juu. Alisimulia kama mtu anayeeleza kwa nini maji yamekatika.

Polisi walipokuja kuuliza, ikaonekana kwamba siku ile mtaa mzima ulikuwa kazini.

Sasa habari ya leo, ambayo wewe huijui.

Leo kulikuwa na mkutano wa mtaa kwenye uwanja wa ofisi ya mwenyekiti. Viti vya plastiki vilikuwa vimezama miguu kwenye tope, tukakaa tumeinama mbele kama watu wanaosali. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu ya taa za barabarani, maana kona ile ya kwetu ina giza. Mwenyekiti alianza na ulinzi. Akasema wizi umepungua sana, na akina mama wakapiga makofi, nikapiga na mimi. Kweli umepungua. Mtungi wangu wa gesi upo, hakuna aliyeugusa.

Kisha akasema, tangu ulinzi uanze wahalifu watano wameshadhibitiwa.

Makofi tena. Mimi nilikuwa nahesabu vidoleni. Wale wawili wa televisheni, ambao walipelekwa kituoni. Yule wa kuku. Yule aliyekamatwa na betri ya bajaji. Hao ni wanne. Nikarudia, wakawa wanne. Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri nitasema nini.

"Karibu Mama Zawadi," mwenyekiti akasema. Nadhani alitegemea suala la taa.

Nikamwamkia, nikauliza, "Huyo wa tano ni mdogo wangu?"

Mtu mmoja nyuma, sikumwona ni nani, akasema msiba ulishaisha jamani, tuongelee taa. Wengine wakacheka kidogo, kile kicheko cha kutaka jambo lipite. Mwenyekiti akafunua karatasi zake akasema hizo ni takwimu tu, Mama Zawadi, hazina jina la mtu. Nikasema kama hazina jina, basi itakuwa rahisi kupunguza mmoja. Nilisema taratibu. Unajua mie sijui kugomba, nikaonekana kama naomba sukari.

Hapo Mzee Kilindo akasimama. Alivaa koti lake la harusi. Akasema, "Mimi niliulizwa kama namjua, nikasema simjui. Nilisema uongo?"

Watu wakatikisa vichwa. Hakusema uongo. Hata mimi nilijikuta natafuta uongo ndani ya maneno yale na sikuupata.

Mama Asha alikuwa amekaa safu ya mbele na akina mama wenzake. Nikamgeukia. Nilikuwa na hakika naye, Bakari. Tangu ulipozikwa haipiti wiki hajaniletea kitu, leo kisamvu, kesho ndizi. Nikamwambia, "Shikamoo Mama Asha. Wewe ulikuwepo nilipomleta. Waambie tu kwamba nilimleta."

Aliangalia pindo la kanga yake. Alilishika, akalikunja, akalikunjua.

"Wageni wanakuja wengi pale nyumbani," akasema.

Wakahamia kwenye taa. Kona yetu itapata nguzo, wamesema, mwezi ujao.

Nilirudi nyumbani nikakaa bila kuvua viatu. Niseme ukweli, maana ukurasa huu niliuanzisha ili niwe na mahali pa kusema ukweli. Kuna siku naomba wezi waende kwa Mzee Kilindo. Waingie mchana kweupe, wabebe kila kitu mpaka mapazia, na walinzi wakiwakamata wampigie simu, aseme anawajua. Ninaomba hivyo halafu naona aibu, halafu naomba tena.

Jua lilipokaribia kuzama Mama Asha alikuja. Hakupita mlango wa mbele. Alipitia uani, na bakuli limefunikwa sahani. Nikamwambia karibu, nikamwekea kigoda, kwa sababu ni mtu mzima na miguu yake inavimba. Sikumkaribisha chai. Hicho ndicho kisasi nilichokiweza.

Alipokaa akasema anajua nadhani alisahau. Nikamwambia ndiyo, ndivyo nilivyodhani miezi yote hii, kwamba alisahau kumwambia mzee, na nilishamsamehe kwa hilo. Mtu anasahau. Nyumba ina wajukuu, ina wagonjwa, ina mambo.

Akasema, "Sikusahau, mwanangu. Nilimwambia siku ileile aliporudi. Na korosho alizila."

Nilimuuliza mzee alisema nini.

"Alisema mgeni ambaye hajasimama mbele yake, yeye hamjui. Alisema mrudi wenyewe. Nikaona haya kuwaambia, nikajua mtarudi tu."

Yaani alikuwa amenuna. Bakari, nimetafuta neno jingine nimelikosa. Mtu mzima na koti lake, alinuna kwa sababu tulisalimia nyumba yake yeye akiwa hayupo. Siku simu ilipolia akaambiwa kuna kijana wa Masasi, fundi, anasema amefikia kwa Mama Zawadi, alikuwa anakujua. Alijua jina lako na mahali unapolala. Alijua ulimtengenezea mjukuu wake baiskeli. Akachagua kutokujua, ili tujifunze adabu.

Miezi yote nimeishi na bahati mbaya. Bahati mbaya unaweza kukaa nayo nyumba moja, unaizoea kama paa linalovuja. Leo nimeambiwa haikuwa hivyo.

Nikamwomba Mama Asha ayaseme hayo mkutano ujao, mbele ya watu, hayo hayo na si zaidi. Alitikisa kichwa. Akaniuliza akishasema atarudi kulala kwa nani. Ameolewa pale akiwa binti mdogo, hana kwao, ndugu zake wote wamekufa. Ningesema nini, aje alale kwangu, kwenye mkeka wako? Nilifikiri hata hilo. Sikulisema.

Akaondoka bila bakuli lake. Ndani kuna mihogo ya nazi. Bado ipo mezani, imepoa, nami siwezi kuila na siwezi kuitupa.

Nimejiuliza kama nina haki ya kuandika aliyoniambia. Aliyasema uani, kwa sauti ya chini, kwa mtu mmoja. Lakini wewe pia ulisemwa kwa maneno mawili tu kwenye simu, na mtaa mzima ukayasikia. Majina ya watu wote hapa nimeyabadilisha. La kwako sikulibadilisha. Atakayejiona humu, ajione.

Mkutano ujao nitakwenda. Nitakaa safu ya mbele, nitauliza swali lile lile, na wakicheka nitasubiri wamalize. Sitawaomba wanilipe kitu wala wamfunge mtu. Nataka idadi yao ipungue kwa mtu mmoja, kwa sauti, kwenye kipaza sauti kile kile. Sijui kama nitaliweza.

Na nyinyi mnaosoma, ninaomba jambo dogo. Mkisikia mtu anasema mtaa fulani wa Mbagala ulikamata wahalifu watano, ninyi hesabuni wanne. Wa tano alikuwa fundi baiskeli kutoka Masasi, Bakari Saidi Likwata.

Mkumbukeni.