Tundu la Nne la Ukanda wa Soli

Baba,

Nimekaa kwenye kigoda chako cha miguu mitatu, na daftari langu la hesabu la Kidato cha Nne liko mapajani. Kurasa za nyuma zilibaki tupu. Kuna kazi ninayotakiwa kuimaliza kabla ya saa tisa, lakini siwezi kuigusa kabla sijazungumza nawe.

Ungekuwa hai nisingeandika. Ningekaa tu kando yako nikikupitishia uzi, nawe ungepiga mluzi, na tusingesema neno mpaka wakati wa chai. Unajua mimi si wa maneno mengi. Ila tangu uondoke nimegundua kwamba kunyamaza peke yako si sawa na kunyamaza mkiwa wawili.

Nina kosa la kukiri kwako. Linahusu Soli.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Baada ya kukuzika, Mama alibaki Bungoma na wadogo zangu. Wazee walisema mjane haliachi kaburi bichi. Mimi nilirudishwa Nairobi na Baba Mdogo Wekesa, tukae katika chumba chetu cha Mbotela kisije kikapewa watu wengine. Baba Mdogo huondoka alfajiri kwenda kiwandani. Akirudi ananiuliza, “Umeshindaje?” Nasema, “Vizuri.” Basi, siku imeisha. Ni mtu mwema. Mazungumzo tu ndiyo hana. Redio yako imekufa betri na hakuna aliyenunua nyingine. Nadhani kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

Matokeo ya mtihani yalitoka. Nilipata C ya kujumlisha. Nilikwenda shuleni peke yangu nikarudi peke yangu, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu, nilimsomea Soli somo moja moja. Kiswahili nilikisoma mara mbili, kwa kuwa ndicho nilichofanya vizuri zaidi. Alikuwa amelala mlangoni. Aliinua sikio moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe yangu, Baba.

Unakumbuka ulivyomleta? Ulitoka naye sokoni Kariokor ndani ya mfuko wa vipande vya ngozi, amelala juu ya soli za akala, vile viatu vya tairi, kama vile yeye ndiye mwenye mzigo. Jina likatoka hapo. Alipoanza kukimbia nje ya geti ulimkatia ukanda wa shingoni, kwa sababu, ulisema, mbwa asiye na ukanda hana mwenyewe, na wasio na wenyewe hukusanywa na askari wa jiji. Ngozi ya kahawia, mshono wa mara mbili. Matundu matatu tu, ingawa ukanda wenyewe ulikuwa mrefu mpaka ncha yake ikabidi ichomekwe ndani. Nilikuuliza mbona hukutoboa yote kwa mara moja.

“Tundu hutobolewa likihitajika, mama. Akikua nitaongeza la nne.”

Kisha ukanieleza sheria ya mstari wenu wa mafundi pale Kariokor: hakuna anayetoboa kazi aliyoikata mwenzake. Mteja akileta mshipi uliombana, huulizwa kwanza, “Nani aliukata?” Akimtaja fundi wake, anatumwa kwake, hata kama fundi yuko hotelini anakula. Ulisema kutoboa kazi ya mtu ni kama kumwitikia salamu alizopewa yeye, naye amesimama hapo hapo. Niliipenda sana sheria hiyo. Niliiweka moyoni kama Amri ya Kumi na Moja.

Kifua kilikuanza Jumapili. Alhamisi hukuwepo. Soli alikuwa kwenye tundu la tatu.

Tuliporudi kutoka mazishini, kila jioni alikwenda getini saa ile uliyozoea kurudi. Alikaa hapo akiitazama barabara mpaka giza. Mvua ndefu zilipoanza, akaacha kula. Nilimpa ugali na mchuzi wa omena, akanusa, akageuza uso. Hakutaka kuguswa kichwa. Nilimwambia Mama Njoki wa mlango wa pili, naye akamtazama kwa huruma akasema, “Mwache, mtoto wangu. Huyo anamlilia mzee wake. Mwache amalize matanga yake.”

Niliamini, Baba. Hapa ndipo kosa langu lilipo. Niliamini kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Mama alikuwa mbali, Baba Mdogo halii mbele ya mtu, majirani walikwisha kurudi kwenye shughuli zao. Nikafurahi, ndiyo, nilifurahi, kwamba katika nyumba hii kuna mwingine anayeshindwa kula kwa ajili yako. Nilikaa karibu naye mlangoni, sahani yangu na yake zikipoa pamoja. Niliona amekonda nikasema ni mapenzi.

Halafu harufu ikaanza. Vijana wa getini wakapata wimbo: “Sasa Nasimiyu! Hiyo mbwa yako inaoza na bado inatembea!” Nilipita nikitazama chini kama kawaida yangu. Hata Mama Njoki akaanza kufunga dirisha. Alhamisi moja jioni Baba Mdogo aliacha kutafuna, akasema bila kuniangalia, “Mbwa huyu anateseka. Jumamosi sina zamu. Nitampeleka.”

Sikumuuliza wapi. Siku hiyo aliporudi alikuwa amekuja na gunia.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa daktari wa mifugo, yule mwenye chumba nyuma ya duka la dawa za kuku. Nilisimama nje muda mrefu nikisoma kibao chake kana kwamba ni cha mtihani. Aliponiita nilijieleza kwa sauti ndogo mpaka akaniomba nirudie mara mbili. Alisema mbwa aletwe, adungwe sindano, pengine ashonwe. Aliandika gharama kwenye kikaratasi, akaniona nikiisoma, kisha akakichukua tena polepole mkononi mwangu na kukikunja. Hakunidharau. Aliniuliza tu, “Harufu inatoka wapi? Shingo umeiangalia?”

“Ana ukanda,” nikasema. Nilisema kwa fahari, Baba. “Alikatiwa na baba yangu.”

“Lini?”

Nikahesabu miezi kwa vidole nyuma ya mgongo wangu. Nilipofika mwisho ndipo nilipokumbuka kwamba Soli alikuwa bado anakua.

Alinipa chupa iliyobakiwa na dawa ya zambarau kidogo chini, akasema kila kilichoko shingoni kitolewe, na jeraha lioshwe kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu asubuhi na jioni. “Ukichelewa, hata mimi sitamsaidia,” akasema.

Nyumbani nilimshika Soli nikapenyeza vidole chini ya yale manyoya marefu ya shingoni. Sikuupata ukanda. Nilipata nyama. Ukanda ulikuwa ndani, nyama imevimba na kuupita pande zote mbili, na palikuwa na funza. Hakuwa akiomboleza. Alikuwa akinyongwa kidogo kidogo na kazi ya mikono yako, na mimi nimekaa kando namsifu kwa mapenzi yake.

Na ungeniuliza kama sikuwahi kuuona unambana. Niliuona, mara moja, mwezi wa pili. Nikasema tundu la nne ni la Baba, sina ruhusa.

Hata wakati ule sikuthubutu kuukata. Nilitembea mpaka Kariokor. Sikuwa nimewahi kuingia pale peke yangu, unajua wanavyoita watu, “Karibu msupa, akala hii hapa!” nami nikatamani ardhi inimeze. Mzee Kamau, jirani yako wa miaka yote, alikuwa pale pale akigonga misumari. Kigoda chako kilikuwa kando yake, kimefunikwa kwa aproni yako. Nilimwomba aje aukate yeye, kwa kuwa ni fundi.

“Mimi na mbwa? Hapana, hapana,” akasema, akarudi nyuma kana kwamba nimemficha kwenye sketi. “Baba yako alikuwa akinicheka kwa hilo mpaka anakohoa.” Kisha akaona uso wangu, akaweka nyundo chini. “Sikiliza, mtoto. Hatutoboi kazi ya mtu kwa sababu mwenyewe atakuja kuuliza. Wewe unamngoja nani aje?”

Nililia pale mbele ya wateja, mimi ninayeona aibu hata kumwita kondakta. Alifunua aproni, akatoa kisu chako cha ngozi chenye mpini uliofungwa uzi, akakinoa taratibu kwenye jiwe. “Kata pale penye kifungo,” akasema. “Hapo ndipo huwa pana nafasi kidogo.”

Jumamosi, jua likichomoza, nilimpeleka Soli kwenye bomba la nje. Nilikuwa nimepasha maji ya chumvi. Nilipomgusa alitoa sauti ambayo sitaki kuiandika, akanionyesha meno, yeye ambaye hajawahi. Nilikuwa nimempigia magoti, kisu kimeshikwa vibaya, ndipo nikaona miguu ya Baba Mdogo imesimama mbele yangu, na lile gunia mkononi.

Sijui nilitoa wapi sauti. Nilisema, “Baba Mdogo, si ugonjwa. Ni ukanda. Ni mimi niliyeuacha. Nipe asubuhi hii tu.” Nilisema maneno mengi kuliko niliyomwambia tangu tuje.

Aliinama akatazama. Halafu akalitandaza lile gunia, akamviringisha nalo Soli miguu na tumbo kama mtoto mchanga, akakibana kichwa chake kifuani, juu ya shati la kwenda nalo kanisani. “Kata,” akasema.

Kisu chako kilikata, Baba. Niliteleza mara moja nikajikata kidole, sikusimama. Niliingiza ncha kando ya kifungo, katika ile sehemu ndefu isiyo na matundu, nikapasua kuanzia pale pale ambapo tundu la nne lingekuwa mpaka la tatu, kifungo kikaachia. Ukanda ulitoka polepole, na vingine sitavisema. Soli alishusha pumzi ndefu sana. Baba Mdogo aliuokota ukanda, akauosha bombani, akaugeuza akiutazama mshono. Hata baada ya yote hayo, hakuna uzi uliofumuka.

“Ndugu yangu alikuwa fundi,” akasema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kukutaja tangu mazishi. Akaingia ndani, nikamsikia analia, nami nikaendelea kuosha jeraha ili asijue nimesikia.

Siku tatu Soli alikunywa maji tu. Ya nne alilamba mchuzi. Ya saba aliiba samaki wa Mama Njoki, na mama huyo akatukana na kumshukuru Mungu katika pumzi moja. Sasa anakula. Amebaki na pete ya ngozi tupu kuzunguka shingo. Manyoya hayajaota hapo na sidhani yataota.

Kitu kimoja kinaniuma bado. Haendi tena getini saa ya kurudi kwako. Sijui kama alikuwa akikungoja kweli, au alikuwa akitafuta mtu wa kumtolea kile kitu. Jioni ya kwanza alipokosa kwenda, nilikwenda mimi. Nilisimama pale mpaka giza likaingia. Vijana wakaniuliza, “Unangoja nani?” nikashindwa kusema hakuna. Ndipo nilipojua kwamba matanga yale yalikuwa yangu muda wote.

Nilirudisha kisu Kariokor. Mzee Kamau hakukipokea. Alisukuma kigoda chako kwa mguu, akanipa kipande cha ngozi, akasema mbwa hawezi kukaa bila ukanda. Nilikata mwenyewe, nikashona siku mbili, mshono ukaenda upande kama mlevi. Nilipomwomba anitobolee matundu alikataa. “Nani aliukata?” akaniuliza. Nikasema ni mimi. “Basi toboa.” Tangu hapo mimi huja hapa Kariokor siku tatu kwa wiki, na hapa ndipo ninapokuandikia. Soli amefungwa kwenye nguzo. Mzee Kamau amekihamishia kiti chake upande wa pili wa meza.

Sasa nikuambie ile kazi. Leo asubuhi alikuja mwanamume na mshipi unaombana. Mzee Kamau akamuuliza, “Nani aliukata?” Akataja jina lako, hakuwa na habari kwamba umefariki. Nyundo za mstari mzima wa mafundi zikasimama. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Kisha Mzee Kamau akanyoosha kidole akasema, “Mwenyewe amelala. Nenda pale kwa binti yake.”

Mshipi uko mapajani mwangu, chini ya daftari hili. Mwenye mshipi atarudi saa tisa. Naujua mshono wako hata nikifumba macho. Baba, sitaki kukuitikia salamu zako. Lakini hutakuja, na mtu huyu anabanwa.

Kwa hiyo nakuaga hapa, nichukue nyundo. Nakuahidi hili: kila Jumapili nitapitisha vidole viwili chini ya ukanda wa Soli, na visipopita nitaongeza tundu bila kumngoja mtu. Na jioni nitapitia dukani ninunue betri za redio. Baba Mdogo akirudi ataikuta inaongea.

Lala salama, fundi wangu.

Binti yako,
Nasimiyu