Sikukuu ya Noi

Walthamstow, Jumapili usiku, Mei

Bado nanuka udi. Noi, tunayefanya naye kazi wodini, alinipeleka kwenye hekalu la Wathai wenzake kuadhimisha kuzaliwa kwa Buddha. Mimi Mkristo, nilikusudia kukaa nyuma tu.

Tulikuwa tunalizunguka hekalu na mishumaa mikononi, kaka yake akapiga simu kutoka Thailand. Mama yao yuko mahututi.

Noi hawezi kwenda. Pasipoti yake iko Croydon, ofisi ya uhamiaji ya huku, ikisubiri viza tangu wakati wa baridi.

“Wamemwekea mama simu sikioni,” akaniambia. “Nimwambie nini, Grace?”

Mimi ni nesi. Kila siku nawaambia ndugu za wagonjwa waseme lolote, hata habari za chakula. Leo niliupokea tu mshumaa wake.

Akaendelea kutembea, akiongea Kithai taratibu, akionyesha kwa kidole maua, watawa, watoto, kana kwamba mama anaona. Nikamfuata na mshumaa wake. Upepo ukauzima. Nikauwasha, ukazimika tena.

Sasa amelala kwenye kochi langu, simu kifuani; kaka yake hajapiga tena. Chaji inakaribia kuisha. Naogopa kuichomeka, na naogopa kuiacha izime.