Dada Pampu Anajifunza Kufurahi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwalimu Donatus ameanza leo. Saa kumi jioni, chumba cha nyuma cha duka, tumekaa katikati ya maboksi ya pampu. Mstaafu, kafundisha nusu ya Geita hii, na shati bado anachomekea. Baba kamleta ili nifaulu mtihani wa kuongea Kiingereza wa viza. Bila mtihani hakuna viza. Bila viza hakuna Leicester. Na Pritesh yuko Leicester, anasubiri mke.

Somo la kwanza: maneno ya kusema unavyojisikia. Happy. Excited. Proud. Grateful. Kila neno eti nitoe na kisa changu mwenyewe, kitu kilichonitokea kweli. Nikamuuliza "angry" liko wapi, maana hilo nalijua toka form two na visa ninavyo tele! Akasema watu wa viza hawapendi bibi harusi mwenye hasira. Akaruka, akaenda kwenye "delighted".

Jamani. Hata hasira nipangiwe.

Naandika Kiswahili kwa sababu Mama hawezi kuusoma mwandiko wangu wa Kiswahili. Na kwa sababu nikikasirika nakasirika kwa Kiswahili. Kigujarati changu ni cha kuombea chumvi mezani.

Jumanne, 4 Machi 2025

Nisimsingizie mtu. Nilikubali mwenyewe. Pritesh alikuja Mwanza na mama yake mwezi wa kumi na mbili, tukanywa chai kwa shangazi, akacheka kweli kweli nilipomwambia kazi yangu ni kuuza pampu za kutolea maji mashimoni. Mpole. Ana masikio makubwa. Nikasema sawa.

Lakini niliposema sawa nilijua kuna mtu ataniuliza habari ya duka! Tangu Baba aanze kuugua sukari nani anafungua huu mlango? Nani anajua pampu ipi itavuta maji toka chini kabisa na ipi itakufa njiani? Wachimbaji hawaniiti Aarti, wananiita Dada Pampu. Kaka yangu Mihir yuko Mwanza "anasoma biashara". Spana haijui, na akija likizo anakaa kwenye gari na kiyoyozi.

Leo mezani Baba kasema, kwa sauti ya mtu anayeongelea mvua, kwamba nikiondoka Mihir anashika duka. Nikasema duka nalitaka mimi. Akasema binti haachiwi duka, binti anapewa baraka. Kisha akaomba asogezewe achari.

Nikamsogezea. Nyoo! Mikono yangu hii.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Mwalimu kaja na "excited" tena. Toa kisa, Aarti. Sina. Basi nikamwelezea Mabula.

Mabula ana duara lake kule Nyarugusu, shimo refu, vijana wengi. Asubuhi aliingia dukani analia hali. Duara limejaa maji, vijana wamekimbia, nyumbani hata sukari hakuna. Pole Mabula. Halafu akanunua pampu kubwa kuliko zote, kamba mpya, na mabuti ya vijana wale wale waliokimbia. Huyo kapata! Mimi namjua. Hapa aliyepata dhahabu hasemi. Akisema atavamiwa, na wazee wanaamini mwamba ukisikia unajificha. Kwa hiyo ukipata, unalia. Ukiulizwa mara ya kwanza, hamna kitu. Ukiulizwa tena, tunahangaika tu. Mara ya tatu, kama aliyeuliza ni mtu wako, unacheka kidogo na unamwambia. Nimekulia kwenye kaunta hii, na mimi ndivyo nilivyo. Form four nilipofaulu nilimwambia Mama nimefeli, mpaka alipong'ang'ania.

Mwalimu akasema hicho si kisa cha "excited", hicho ni kisa cha uongo. Kanifundisha cha kwake: nilikuwa excited siku nilipochumbiwa. Nikarudia kama kasuku, mara hii, mara ile, mpaka mate yakakauka.

Mageni tunafanya naye kazi hapa dukani toka sijaota ziwa. Alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza. Mwalimu alipoondoka akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, mficha uchi hazai." Nikamwambia aende akapange nati. Akaenda huku anacheka. Yeye naye!

Jumapili, 9 Machi 2025

Simu ya video. Mama kanivalisha sari ya kijani, sebule imepigwa deki, Baba kakaa wima. Wakubwa wakaanza kwa Kigujarati, habari za afya, habari za hali ya hewa, mama yake Pritesh akasema huko baridi haijaisha. Halafu simu nikapewa mimi.

Pritesh anaongea Kiingereza. Kigujarati chake ni kibovu kuliko Kiingereza changu, na hiyo ilinifurahisha. Akaongea taratibu. Akasema yeye ana wasiwasi — nervous — akanyanyua mkono nikauona unatetemeka. Neno hilo Mwalimu hajanipa lakini nililielewa lote. Mwanaume mzima, mbele ya mama yake, anasema ana wasiwasi! Nikampenda hapo hapo. Nimeandika, basi.

Kisha akaniuliza mimi najisikiaje kuhusu harusi.

Macho yote kwangu. Mama anatikisa kichwa kunihimiza. Maneno ninayo yote, happy, excited, delighted, yamejipanga mdomoni. Na mimi nikasema hamna kitu. Nikasema ni kawaida tu. Nikasema, kwa Kiingereza changu hicho hicho, niko busy na duka, nimechoka.

Nikangoja aulize tena.

Hakuuliza! Aliangalia pembeni, akasema okay. Mama yake akachukua simu, akaaga. Mtu gani anauliza mara moja? Hata muuza dagaa anauliza zaidi ya mara moja! Mama kanifinya hapa mkononi pamebaki alama, na nilikuwa naustahili huo mkono, lakini kwa nini hanifinyi kwa jambo la maana?

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimemgombeza Mageni bure. Nimemgombeza mteja. Nimelipiga teke boksi la valvu na kidole kimevimba.

Pritesh hajatuma hata ujumbe.

Jumatano, 12 Machi 2025

Wamepiga simu. Mama yake Pritesh, kwa heshima zote. Kijana anaona binti hana moyo na jambo hili, na yeye hataki kuoa mtu aliyelazimishwa. Kwa hiyo tusimame kwanza. Tusimame! Kama gari.

Nyumba imewaka. Shangazi kapiga toka Mwanza analia. Mama kajifungia chumba cha sala. Baba kaniita sebuleni, akaniuliza kwa nini nimemuaibisha. Nikamwambia nilikuwa namaanisha kinyume. Nilikuwa na furaha mpaka naogopa kuitaja. Nilisema kama watu wanavyosema hapa, nikasubiri aulize tena.

Baba akasema, "Sisi si wachimbaji."

Basi! Hilo ndilo lililonikaa kooni. Si wachimbaji! Karo ya Mihir imetoka wapi? Sari hii ya kijani? Hizo dawa za sukari? Babu alianza kwa kuuza makarai kwenye gunia, akajifunza Kisukuma kabla ya Kiswahili, salamu yake ya mwangaluka ilikuwa tamu kuliko ya wenyewe. Tunakula kwao, tunaongea kama wao, lakini tukifunga geti jioni sisi si wao. Nilitaka kuyasema haya yote. Nikasema samahani Baba, nikaenda chumbani nikauma mto.

Najichukia ninavyosema samahani haraka hivyo.

Jumamosi, 15 Machi 2025

Tangu juzi nilikuwa najipoza: haya, harusi hakuna, basi angalau duka ninalo. Asubuhi nilifungua mapema, nikapanga kamba kwa unene, nikatundika helmeti mpya mlangoni. Nikawa hata naimba.

Saa nne Baba kaja. Kaniambia Mihir anakuja Jumatatu, mchana anamleta hapa dukani akabidhiwe funguo.

Nikamwambia lakini Baba, siondoki tena. Akasema anajua. Mihir anakuja hata hivyo. Mimi nitakaa nyumbani nimsaidie Mama mpaka apatikane mchumba mwingine, maana watu wanaongea, binti kushinda na wanaume wa mashimoni ndiko kulikoniharibu ulimi. Kumbe! Kumbe haikuwa Leicester. Leicester ilikuwa mlango tu wa kunitolea. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Na mimi nimelikoroga mwenyewe, nimempoteza Pritesh kwa mdomo wangu, na bado duka linakwenda.

Sikulia. Nilimuuzia mtu futi za mpira wa maji kwa kipimo kibaya, akarudi, nikamkatia tena.

Mwalimu naye jioni kaja, kwa sababu Baba kamkodi mwezi mzima na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Kafungua kitabu. Maneno ya leo: calm, patient, relaxed. Wallahi nilicheka! Nikamwambia shikamoo Mwalimu na kwaheri Mwalimu, harusi haipo, mtihani haupo, funga kitabu.

Akakifunga. Hakuondoka. Akaniuliza, kwa Kiswahili, "Wewe unataka nini?"

Nikasema sitaki kitu.

Akavaa kofia, akachukua mwavuli, akafika mlangoni. Ni Msumbwa wa Runzewe, huyu mzee, si mgeni wa nchi hii. Akageuka akaniuliza tena. Nikasema nimechoka tu. Akarudi, akaweka mwavuli chini, akauliza mara ya tatu. Na yote yakatoka. Nataka duka. Nataka na Pritesh. Sijui vitakaaje pamoja lakini navitaka vyote viwili na nina hasira mpaka meno yananiuma!

Mwalimu akasema nimwambie Pritesh hivyo hivyo, kwa lugha yoyote itakayotoka, na nisikae kungoja swali la tatu kwa mtu aliyekulia Ulaya, atazeeka hajaliuliza. Mageni, nyuma ya pazia, akasema wabeja Mwalimu, asante kwa kweli, umenisaidia kazi.

Jumapili, 16 Machi 2025

Nimemtumia Pritesh ujumbe wa sauti. Kiingereza cha kuokoteza. Nimemwelezea Mabula na mabuti yake, nimemwelezea watu wa hapa wanavyoficha walichopata, nimesema siku ile nilikuwa happy, excited, nervous, vyote, na nikasema hamna kitu kwa sababu hiyo hiyo. Nimesema na angry pia. Nimeusikiliza mara moja, nimejisikia mpumbavu, nikataka kuufuta. Kumbe alishausikia!

Hajajibu. Mtu anasikia vitu vile halafu ananyamaza! Mungu wangu, nitamuua.

Jumatatu, 17 Machi 2025

Yuko hewani. Sasa hivi, ninavyoandika. Nimesimama, daftari nimeliweka juu ya boksi la pampu, simu iko kwenye kaunta pembeni ya mzani wa misumari.

Kapiga dakika chache zilizopita. Kaomba radhi kuchelewa, alikuwa anausikiliza na kuurudia ule ujumbe, anasema ile sehemu ya mwamba unaosikia kaipenda sana. Akaniuliza upya najisikiaje. Nikamjibu papo hapo, sikungoja. Nina furaha na wewe. Halafu nikaongeza, na nina hasira. Akauliza, na mimi? Nikasema hapana, wewe kidogo tu. Nina hasira na Baba. Duka hili ni langu, nimelijenga mimi, leo anampa Mihir.

Pritesh akauliza, "Baba yako anajua hilo?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo, anajua sana. Nikaufunga. Nilimwambia lini? Mara moja, mezani, akaomba achari. Nikasogeza achari nikanyamaza, nikingoja aulize tena. Miaka yote nimengoja Baba aulize tena! Namnunia, napiga maboksi mateke, naandika humu, na yeye anaona binti mpole anayesema samahani.

Pritesh kasema nimwambie. Kasema hakati simu. Kuhusu wapi tutakaa, yeye na mimi, kasema hajui, na mimi nimesema sijui, na hiyo ilikuwa nafuu.

Gari limesimama nje. Mihir anashusha sanduku, kavaa miwani ya jua na mawingu yote haya. Mageni kaacha kufagia, kaegemea ufagio. Wateja watatu wako kwenye benchi, mmoja Mabula, anajifanya anasoma lebo ya pampu.

Baba kaingia. Hajasalimia. Kanyoosha mkono, anauliza funguo ziko wapi.

Ziko mfukoni kwangu. Nimezishika. Ndilo swali pekee aliloniuliza leo, na hilo ndilo ninalomjibu mwisho, kwanza namwambia duka nalitaka mimi.