Madoa Ameliwa, Chuma Narudi Naye

Shuleni, Sumbawanga
Jumanne

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Natumaini mvua imeshika vizuri huko Mpui, na kifua cha Mama kimepata nafuu tangu baridi ipungue. Mimi ni mzima. Mitihani tumemaliza, na darasani nimekuwa wa tatu. Ningependa sana barua hii iishie hapa.

Kabula, mdogo wangu unayeisoma kwa sauti, kabla hujaendelea mwambie Baba aketi.

Baba, Madoa ameliwa. Hakuibwa, wala hakuugua. Shule imemchinja, na sisi wanafunzi wote tumemla jana jioni.

Unakumbuka ulipowaleta maksai wako wawili, Madoa na Chuma, walime shamba la shule kwa sababu trekta limekufa, na siku hizi vipuri haviletwi tena na serikali, kila kitu wazazi wachangie. Ulimpa Mkuu wa Shule kamba mkononi, mkanywa chai, ukaondoka. Hukusema utawachukua lini, naye hakuuliza. Kwetu nani angeuliza? Ng'ombe akilelewa kwa mtu mwingine anabaki wa mwenyewe, hata mtoto mdogo anajua. Lakini Mkuu wa Shule amekulia mjini, na walimu wengi hapa kwao ni watu wa mahindi na ulezi. Waliona mzazi kaleta ng'ombe wawili, wakasema huyu mzazi ana moyo wa kutoa.

Jana kilikuwa chakula cha kufungia mwaka. Wali na nyama! Sisi ambao ni ugali na maharage kila siku, bwalo zima lilipiga meza. Osward, rafiki yangu Mfipa wa Mollo anayelala kitanda cha juu yangu, akanisukuma na kiwiko. "Msukuma, leo umefika nyumbani. Kula, acha aibu." Nikala, Baba. Niliomba na mchuzi wa kuongeza.

Leo asubuhi mstarini Mkuu wa Shule akasoma habari za kufunga mwaka na mambo ya kuwakumbusha wazazi. Shule itafunguliwa Januari. Kila mvulana arudi na jembe lenye mpini, fyekeo, ndoo na blanketi. Suruali za mitumba zenye mifuko magotini ni marufuku. Redio kaseti ni marufuku. Mzazi ambaye hajaleta maharage yake alete. Nilikuwa nikiyaandika yote ili nikuletee. Kisha akasema, "Mwisho, tumshukuru mzazi wetu wa Mpui, baba yake Masanja, kwa nyama ya jana." Wakapiga makofi. Kalamu ilinidondoka na sikuinama kuiokota.

Mstari ulipovunjwa nilikimbia nyuma ya jiko. Ngozi ilikuwa imewambwa chini kwa vigingi, na lile baka jeupe la begani likiwa palepale. Mpishi alikuwa akizoa majivu.

"Mbona unatetemeka, kijana? Una malaria?"

"Mwenzake yuko wapi?"

"Kafungwa pale kwenye mkaratusi. Huyo wa kesho. Walimu wanagawana nyama ya Krismasi."

Baba, unanijua. Hata darasani ninapojua jibu sinyooshi mkono. Lakini miguu ilinipeleka ofisini, nikagonga na kuingia kabla sijaitwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Chuma asichinjwe."

"Chuma ndiye nani?"

"Ng'ombe wa baba. Baba hakuwatoa. Aliwaleta walime tu."

Akanitazama juu ya miwani. "Miaka mitatu upo hapa, leo ndiyo nasikia sauti yako, na unakuja na hili? Baba yako alinipa kamba mwenyewe."

"Ndiyo, Mwalimu. Ili uwatunze."

"Alisema atawachukua lini?"

"Hakusema. Kwetu haisemwi."

Akavua miwani. "Kwa hiyo nimechinja ng'ombe wa mtu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nikamla."

"Na mimi nimemla, Mwalimu."

Sijawahi kumwona mtu mzima akishtuka namna ile. Alikwenda mwenyewe jikoni kumwambia mpishi aweke kisu chini. Aliporudi akaniuliza, kwetu mtu aliyeua ng'ombe aliyekabidhiwa hufanya nini. Nikamwambia huibeba ngozi mpaka kwa mwenyewe, akaiweka mbele yake, akaeleza kwa mdomo wake. Akavaa tena miwani. Kisha akasema, "Basi Jumamosi nitakuja."

Baba, ombi langu ndilo hili. Najua hasira yako, na najua Baba Mkubwa atasema nitolewe shule nirudi kuchunga. Umebaki mwaka mmoja nimalize. Naomba umsikilize kwanza Mkuu wa Shule. Angeweza kumtuma mwalimu wa zamu. Anakuja yeye, juu ya lori la mahindi, na ngozi mapajani. Habari ya fidia mtazungumza ninyi wakubwa. Aliponiuliza nilikataa kutaja chochote.

Jioni hii mstarini ameongeza jambo moja kwenye yale ya kuwakumbusha wazazi: atakayekabidhi mnyama shuleni ataulizwa hapohapo, ni wa kula au wa kurudi? Wavulana walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka.

Msalimie Bibi, na shangazi anayetukamulia maziwa. Msalimie Baba Mkubwa, na mwambie Jumamosi fimbo aiache kwake.

Barua hii anaileta utingo wa lori la kesho. Mimi Alhamisi tukifunga sitapanda gari. Nakuja na Chuma kwa miguu, Osward atanisindikiza, tutalala parokiani njiani. Leo nilimtembeza kidogo uwanjani nimwone. Anakwenda upande wa kulia tu, akiacha nafasi ya mwenzake. Nilijaribu kumsogeza katikati, akagoma. Basi hiyo nafasi nitaishika mimi mpaka nyumbani.

Mwanao mtiifu,
Masanja