Kisanduku Chekundu cha Fundi

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimefundisha chuo kikuu. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita! Dokta, mhadhiri wa mambo ya migogoro na magenge, akifanya utafiti alinipata gerezani, nilikofungwa kwa magendo. Sasa niko nje, kanipa wiki nzima na darasa lake. Nusu ni wanafunzi, nusu watu wa kazi: mama wa benki, maofisa wawili wa forodha, na Afande mpelelezi asiyecheka. Nawaeleza vumbi la dhahabu linavyovuka mpaka. Dokta ana kanuni moja: yanayosemwa humu hayatoki.
Wananiita Mwalimu. Mara ya kwanza niligeuka nyuma kuona anaitwa nani.

Jumanne, 4 Machi
Nimewawekea mapazia kumi mezani, moja lina vipakiti vya mchanga badala ya dhahabu. Forodha wamepapasa nusu saa. Patupu. Nikawaambia mnashika katikati kama wateja. Mzigo hukaa kwenye pindo la chini, maana pazia lenyewe linataka uzito ili lining'inie vizuri. Mama wa benki kasema hatalala, ya sebuleni kwake yote atayafumua. Darasa zima hoi kwa kicheko, Afande tu anaandika.
Dokta kaninong'oneza asante. Miaka miwili iliyopita nani alikuwa ananiambia asante?

Jumatano, 5 Machi
Mdomo huu.
Wamechora genge letu kwenye karatasi kubwa ukutani, visanduku na mishale. Bosi wamemweka juu kabisa, kama nabii. Nikawacheka: bosi hukaa pembeni, hata dereva hamjui. Nilikuwa nimenoga. Afande akauliza taratibu, mapazia yalishonwa wapi?
Kwa dada yangu, fundi cherehani, nikasema. Hivyo hivyo.
Mwanafunzi mmoja akachora kisanduku chekundu: FUNDI. Nyekundu ni ya waliojua. Nikaruka: hakujua! Akitoka kwenda kula mchana, mimi nafumua pindo, naweka mzigo, nashona tena. Afande: mbona mahakamani hukusema? Sikuulizwa, nikamjibu. "Basi nimekuuliza mimi."
Wakaongeza alama ya kuuliza. Nyekundu ikabaki.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba Dokta abandue karatasi. Kesho natunukiwa cheti na dada kaalikwa. Dokta kasema ataibandua sasa hivi nikitaka, lakini je, dada anajua duka lake lilitumika? Hajui. Miezi kumi na minne alikuja kuniona gerezani kila Jumapili, na sabuni, na shati safi, bila kuniuliza swali hata moja. Na mimi nikaona ujanja kunyamaza.
Nikamwambia Dokta iache.
Jioni nikamweleza dada yote. Alikuwa ananipigia pasi shati la kesho. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha: "Simama wima nikupime, kola hii imekaa upande."
Basi. Sijui nishukuru au niogope. Nimeshukuru.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika nimekaa nyuma darasani, daftari gotini. Cheti ninacho, jina langu limeandikwa sawasawa. Wamepiga makofi. Dada kapiga kuliko wote, akaniambia mbele za watu nisivimbe kichwa, kofia zangu zitanibana.
Sasa kasimama mbele ya mchoro. Ameusoma wote, taratibu, kidole kikifuata mishale.
Afande akamwambia kwa upole: dada, mdogo wako anasema wewe hukujua.
Dada akacheka. "Afande, huyu mtoto hajui kushona. Mshono wake unapanda na kushuka kama mlevi. Kila alipomaliza na kutoka, nilifumua nikashona upya. Ningemwacha akamatwe kwa pindo baya?"
Mama wa benki ameshika mdomo. Kumbe kila pazia lililopita salama lilipita kwa mkono wake, nami nikajisifia Jumanne nzima.
Dokta anakumbusha kanuni ya darasa. Anasema akimtazama Afande. Wote tunamtazama Afande. Daftari lake liko wazi, haandiki, wala halifungi.
Dada kaomba kalamu nyekundu. Kaikata ile alama ya kuuliza kwenye kisanduku chake.
Afande amevuta kiti, kamkaribisha dada akae. Kajivutia na chake. Kati yao pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Naacha kuandika, nakwenda kukaa hapo.