Mizabibu ya Baba Kando ya Mpunga

Kisesa, 4 Oktoba 2022

Mwanangu Wilhelmina,

Natumaini hujambo, na shamba la zabibu la huko Hombolo linawapa kazi ya kutosha. Huku tu wazima, isipokuwa goti la mama yako.

Ile divai nyekundu uliyotuletea Pasaka haijanitoka kichwani. Nataka pingili za mzabibu ule ule. Nimeshatangaza kwenye jumuiya kwamba kwenye jubilei ya ndoa yetu, miaka miwili ijayo, watakunywa divai ya mkono wangu. Jirani yetu Machibya alicheka mbele ya watu, kwa hiyo sasa siwezi kurudi nyuma.

Baba yako

Hombolo, 20 Oktoba 2022

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, goti la Mama lipe pole. Pingili ziko kwenye basi, nimezifunga kwenye gunia bichi. Lakini nisikilize. Huku mzabibu unapata shida, na ndiyo inayoleta utamu. Mvua ikikatika imekatika, na udongo ni kichanga, maji hayakai. Zabibu zinabaki ndogo, zenye sukari na ganda nene, na wekundu wa divai unatoka kwenye ganda. Kwenu udongo mweusi unashika maji, na unyevu wa ziwa unaleta ukungu wa kuozesha zabibu. Panda kule juu kwenye mawe, na upogoe matawi bila huruma.

Mwanao Wilhelmina

Kisesa, 11 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Umenyamaza sana, au ni mimi?

Kwenye mawe sikupanda, hata mbuzi hawapendi kule. Nilipanda bondeni, kando ya mpunga, na mizabibu imenenepa. Imeruka uzio, imekumbatia choo cha Machibya, na akitaka kuingia lazima aniite nije na panga. Zabibu ni kubwa, zimejaa maji. Kupogoa nimeshindwa, mama yako alinikuta naliomba tawi radhi.

Baba yako

Hombolo, 6 Agosti 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini Mama anatembea vizuri. Mavuno yamenibana, jubilei sitafika, na inaniuma. Nakwambia ukweli: zabibu zilizojaa maji zinatoa divai nyepesi na kali kwa uchachu. Nimetuma katoni ya divai ya huku. Imimine kwenye chupa zako. Sitamwambia mtu.

Mwanao Wilhelmina

Kisesa, 2 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kutopokea simu zako. Nilikuwa natafuta maneno.

Siku yenyewe nilifungua katoni yako jikoni, nikashika faneli, kumbe mama yako amesimama mlangoni. Akasema nitoke na divai zote mbili, kila moja kwa jina lake. Nikawaambia wageni: hii ya Hombolo, hii ya Kisesa. Yako ilikuwa nzito, kama imekunywa jua. Machibya alionja yangu, akafumba jicho moja, na halikufumbuka mpaka hotuba zikaisha.

Mama yako akaonja yako, akaisifu, akaisogeza pembeni. Akaonja yangu.

“Mashimba,” akasema, “hii ni wewe ulipokuja kuniposa. Nyembamba, kali, na haina hata aibu.”

Akaomba nimwongezee. Nikamimina kwa haraka, mwanangu, ikamwagikia gauni lake jeupe la jubilei. Nilidhani nimeliharibu. Lilikauka likabaki jeupe vile vile: divai yangu haina rangi ya kutia doa.

Baba yako