Mrija Wangu Usiuguse

Ndugu yangu Obbo,

Salamu kutoka kwenye baridi inayong'ata masikio. Huku kwa binti yangu, mji mzima unapata joto kutoka mtambo mmoja. Maji ya moto yanapita kwenye mabomba chini ya ardhi hadi kila jengo. Asubuhi watu wote wakioga, jengo letu linapunguza joto lake kidogo ili majengo mengine yasikose. Leo nimeketi na koti ndani ya nyumba, nikimwonea wivu mzee wa jengo la pili aliyesimama dirishani na fulana tu.

Nikalalamika. Binti yangu akacheka: "Baba, si ni kama malwa, pombe yenu ya chungu? Nyote mkivuta mirija pamoja, chungu kinakauka. Mmoja anapumzika kwanza, maji ya moto yanaongezwa chunguni. Na hapa kuta za nyumba zimeshika joto, hutaganda."

Nikavumilia. Kisha nikafungua simu nikaona picha yako kutoka kijijini kwetu Iyolwa: jua, chungu kinatoa mvuke, na wewe kwenye kiti changu, mrija wangu mdomoni!

Nawapenda wote mnaokizunguka chungu hicho, hata wewe. Joto nimekubali kumwachia jirani. Mrija urudishe ulipokuwa umehifadhiwa, juu ya mlango wangu.